Chungu cha Kaburini: Mazishi ya Moto katika Uingereza ya Warumi

Mabibi na mabwana, katika karne ya 1 na ya 2, wengi kwenye miji ya Warumi huko Uingereza walichomwa wakifa. Mifupa ikaokotwa, ikatiwa chunguni, ikazikwa kando ya barabara nje ya mji, kwa kuwa sheria ya Warumi ilikataza kuzika ndani.

Chungu hicho kwa kawaida ni cha kupikia tu. Tunakuta masizi ya jikoni ubavuni, au kimepinda tangu tanurini. Chombo kisichouzika sokoni kilifaa kaburini. Colchester Vase, chombo cha kaburini kutoka mji wa Colchester, kilichopatikana mwaka 1853, ni kisa tofauti. Ina majina ya Memnon na Valentinus juu ya picha ya wapiganaji, na ilidhaniwa yalikwaruzwa baada ya chombo kuchomwa. Uchunguzi uliotangazwa 2023 ukaonyesha yaliandikwa udongo ukiwa mbichi. Yaani iliagizwa hivyo.

Sasa kazi yenyewe ya uchimbaji. Chungu kikifichuka, usikimwage! Chimba kukizunguka, kifunge bendeji kuanzia juu hadi chini, kisha kinyanyue na udongo wake wote. Ukifika maabara, toa udongo tabaka moja moja la sentimita 2, kila tabaka na mfuko wake. Ukiumwaga wote beseni moja, hutajua tena kama fuvu liliwekwa juu au chini, wala kama misumari midogo ya soli za viatu ilikaa pamoja na mifupa au ilitupiwa mwishoni. Kisha chekecha kwa maji: matundu ya milimita 10, 5 na 2. Meno hupasuka motoni, na vipande vyake hubaki kwenye chekecheke ya mwisho. Wenye haraka huishia ya 5.

Pima uzito. Mtu mzima huacha mifupa ya kilo 1 hadi 2 na ushei, na vyungu vingi vina pungufu ya hapo. Msikimbilie kusema waombolezaji waliokota kidogo. Tazameni mdomo wa chungu kwanza: plau ya mkulima ikishakata nusu ya juu, uzito hausemi kitu. Rangi nayo isomwe mfupa kwa mfupa. Mweusi ulipata joto la nyuzi 300 hivi, mweupe ulipita 600, na mtu mmoja huwa na zote mbili, kwa sababu kuni za pembeni huzima mapema.

Pembeni mwa chungu mara nyingi kuna jagi, bilauri na sahani ya terra sigillata, yaani ufinyanzi mwekundu unaong'aa wa Warumi, kutoka karakana za La Graufesenque au Lezoux huko Ufaransa. Iliyokuwa motoni na maiti hugeuka kijivu. Iliyowekwa kaburini baadaye hubaki nyekundu. Muhuri wa mfinyanzi hutupa tarehe, lakini ya kufinyangwa, si ya kuzikwa. Pinduza sahani utazame pete ya kitako: ikiwa imelika, ilitumika mezani miaka mingi, na kaburi ni la baadaye kuliko muhuri unavyodai.