Kiwanja Kitupu Hakina Luku

Ndugu zangu, tuanzie Kibada, Kigamboni. Viwanja vya pale vilipimwa miaka ya 2000, katika ule mradi wa viwanja 20,000 vya Dar es Salaam. Pita leo uone: nyumba nzuri yenye watu, na ubavuni mwake kichaka, bikoni ya mpaka imezama kwenye majani, ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu "Eneo hili haliuzwi". Vijana wanaotaka kujenga wanasukumwa Chanika huko pembezoni mwa jiji, na maji na barabara viwafuate.

Mwaka 2016 likafunguliwa Daraja la Nyerere, linalounganisha Kigamboni na katikati ya jiji, kwa fedha za mfuko wa hifadhi ya jamii NSSF na Serikali. Anayevuka kwa gari au pikipiki kwenda kibaruani akalipa tozo. Mwenye kichaka ardhi yake ikapanda bei akiwa amelala, na kwa nyongeza ile hatukumdai kitu.

Njoo kwenye kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye luku, yaani umeme wa kulipia kabla: ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Hata mpangaji akinunua umeme anakatwa! Kichaka hakina mita. Kodi ya pango la ardhi ipo, lakini ni ndogo mno mbele ya bei ya sokoni. Na sharti la hati la kuendeleza kiwanja ndani ya miezi 36? Kufuta milki ni safari ndefu hadi kwa Rais.

Ninachodai ni kodi ya thamani ya ardhi peke yake, jengo lisihesabiwe. Majirani wawili wenye viwanja sawa walipe sawa, aliyejenga na aliyeacha nyasi. Nairobi wametoza hivyo kwa miaka mingi, ila jedwali la thamani za viwanja la mwanzoni mwa miaka ya 1980 likaachwa likazeeka kwa zaidi ya miaka 35. Tusiige hilo, uthamini urudiwe mara kwa mara.

Mtaniuliza: na mjane mwenye kiwanja kimoja, anayenunua tofali kidogo kidogo? Swali la haki kabisa. Deni lake liandikwe kwenye hati, lilipwe siku kiwanja kitakapouzwa. Ila mwenye viwanja kumi anayesubiri daraja jingine alipe kila mwaka, na alipe vyote kumi.