Usiniambie Umesoma Vingapi

Shikamooni wazee wangu. Wadogo zangu, hamjambo. Naona humu wapo walionisikia nikilisema jambo hili Mbagala, wengine Temeke, na mmoja pale nyuma alinisikia hata msibani. Nitalisema tena, maana bado watu wanahesabu vitabu.

Kijana ananijia na furaha yake: "Mama, mwaka huu nimemaliza vitabu 22 vya kujijenga." Namuuliza, katika hivyo 22, ni ukurasa gani ulioufanya? Sikusema uliousoma. Ulioufanya. Ananyamaza. Simuulizi ili nimwaibishe. Namuuliza kwa sababu nilipita njia hiyo hiyo, na ilinila karibu mwaka mzima.

Nilikuwa nauza vitenge Kariakoo. Mwenzangu tuliyechangia mtaji akaondoka na fedha za mzigo, nikabaki na fremu tupu, kodi inadaiwa, na deni la kikoba juu yake. Nikawa mtu wa kuamka saa nne. Siku moja Posta, kwenye vitabu vile vinavyotandazwa kando ya barabara, nikanunua kimoja chenye picha ya jua linachomoza. Jamani, kilinipa nguvu! Jioni nilishuka kwenye daladala Rangi Tatu natembea kama mtu aliyelipwa. Asubuhi nguvu haipo. Nikanunua cha pili. Ikawa hivyo hivyo, jioni ipo, asubuhi haipo, mpaka vikafika saba.

Vyote saba nilivimalizia kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa. Na kila kitabu kilipofika mahali kinaposema simama hapa, chukua kalamu, andika, mimi nilifunua ukurasa unaofuata. Ndani ya daladala umebanwa mlangoni, kalamu utaishika kwa mkono gani?

Kimoja kiliniagiza nisimame mbele ya kioo kila asubuhi niseme, "Mimi ni mshindi." Nikasema. Moyo ukanijibu pale pale: mshindi gani anadaiwa kodi ya miezi mitatu? Nikapandisha sauti, nao moyo ukapandisha. Nikawa natoka kwenye kioo nimechoka kuliko nilivyoamka. Miaka mingi baadaye ndipo nikajua si mimi peke yangu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichapisha matokeo yao: watu wasiojithamini, walipoambiwa warudierudie maneno ya kujisifu kwamba wao ni watu wa kupendeka, walijisikia vibaya zaidi. Waliofaidika kidogo ni wale waliokuwa wanajithamini tangu mwanzo. Yaani dawa ilimsaidia mzima.

Sasa sikilizeni kilichonitoa. Ilikuwa masika, mvua imenifungia ndani, sina fedha ya kitabu cha nane. Nikarudi kwenye cha tatu, kwenye ukurasa niliouruka. Unasema: andika wazo linalokuuma, kisha piga mstari katikati ya karatasi, huku uandike yanayolithibitisha, huku yanayolipinga. Nikachukua daftari langu la mauzo, lilikuwa halina kazi siku hizo. Nikaandika: "Kariakoo nzima inanicheka." Upande wa kwanza nikaandika jina la mtu aliyenicheka. Nikatafuta jina la pili. Sikulipata. Kariakoo nzima ilikuwa mtu mmoja!

Upande wa pili ulikwenda polepole. Mama ntilie aliyekuwa akinipa chai asinidai. Jirani wa fremu aliyenifungulia duka siku niliyoumwa. Na mteja wangu wa Morogoro, aliyepiga simu kuuliza mzigo unaingia lini. Hapo nikashtuka. Yule alipiga siku 19 nyuma, nami sikumpigia, maana nilishaamua moyoni kwamba amesikia habari zangu naye anacheka. Nikampigia usiku ule ule. Hakuwa amesikia lolote. Alitaka doti 40.

Sikutajirika, wala siwauzii utajiri hapa. Deni nililimaliza kwa miaka miwili. Lakini tangu usiku ule nikiona jambo jeusi, nauliza kwanza ni jeusi kiasi gani. Mtazamo chanya ninaoufahamu mimi ni huo. Kutabasamu huku nyumba inaungua, hapana.

Zoezi lile lina asili yake. Linatokana na tiba aliyoianzisha daktari Aaron Beck, Philadelphia, Marekani, miaka ya 1960, ya kuyapima mawazo yako kwa ushahidi. Na mwaka 1989 watafiti wa Alabama walieleza jinsi walivyowapa kitabu wazee wenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, lakini isiyo kali, wakasome nyumbani. Wakapata nafuu kuliko wenzao waliokuwa bado wanasubiri zamu. Wazee hao hawakuachwa na kitabu tu. Walipigiwa simu fupi kila wiki: umefika wapi? Shikeni hiyo simu, nitairudia.

Lakini nimesema sonona isiyo kali. Kama hulali, huli, na unafikiria kifo, weka kitabu chini uende hospitali. Muhimbili kuna madaktari wa afya ya akili. Hapo sibishani na mtu.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mama huyu, umaskini hauondoki kwa mtazamo." Hujakosea, mwanangu. Mwenye nyumba hapokei mtazamo. Na kitabu kinachokuambia kwamba wewe ni maskini kwa sababu unawaza vibaya, kifunge, kinakutukana. Mtazamo haukunilipia kodi. Uliniwezesha kushika simu. Kodi ililipwa na vitenge.

Mwingine anasema vitabu hivi ni mambo ya Wazungu. Hapo ndipo uvumilivu wangu unapoisha! Samuel Smiles alichapisha London mwaka 1859 kitabu kilichoipa aina hii jina lake kwa Kiingereza, Self-Help. Utendi wa Mwana Kupona ni wa 1858. Mama yule mgonjwa, mjane, yuko pwani yetu ya kaskazini, anamwambia binti yake achukue karatasi na wino, amwachie wasia wa namna ya kuishi. Unaweza usikubaliane na yote anayoyasema kuhusu mke na mume, mimi mwenyewe sikubaliani nayo yote. Lakini tazama ulivyosomwa: wanawake waliunakili kwa mkono, wakauhifadhi kwa moyo, wakausoma pamoja. Na mwishoni anawataka wanawake wote wausome na wafahamu maana yake. Hakuna aliyeuliza umesoma tendi ngapi.

Na wazee waliomo humu wanakumbuka kampeni ya afya ya Mtu ni Afya, hapa nchini, mwaka 1973. Watu kama milioni mbili, wamekaa kwa vikundi, redio katikati, kijitabu mkononi, kiongozi anauliza: tumesikia nini, tunafanya nini? Kisha wanakwenda kuchimba choo. Kitabu na jembe, siku zile zile. Basi mimi naomba hivyo hivyo kwa moyo. Watu watano, kitabu kimoja, miezi mitatu, na kila wiki mmoja anawapigia wenzake: umefika wapi?

Nilitaka kusema habari ya watoto, na ya vitabu vya kwenye simu, na tafsiri za Kiswahili zilizo mbovu mpaka mtu anakata tamaa. Mwenyekiti ananionyesha saa. Moja tu: usiseme vitabu ni ghali kabla hujaingia Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi. Ipo tangu 1967.

Najua ratiba inasema sasa ni maswali. Maswali nitayajibu, lakini kwanza kila mtu atoe karatasi. Asiye na kalamu, zimo kwenye boksi pale mlangoni, nimezinunua jana. Andika wazo moja linalokuuma wiki hii, lile lenyewe, usiandike la kunifurahisha mimi. Halafu piga mstari katikati. Mna dakika kumi. Baba pale mbele, nawe pia, tafadhali.