Chipu Hupatikana, Bodi Haipatikani

Ndugu mafundi, jambo hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia, kwa kuwa bado ninaletewa bodi, yaani mbao za saketi zinazobeba vipande vya kompyuta, zilizouawa na watu waliokusudia kuziponya: kabla ya kung'oa chipu yoyote kwenye kompyuta ya kale, thibitisha kwanza kwamba ndiyo iliyokufa.

Nitatumia bodi ya Macintosh SE/30, kompyuta iliyotoka mwaka 1989, kwa sababu ndiyo iliyonifunza. Kapasita zake ndogo za alumini (vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme), za mikrofaradi 47, huvuja kadiri miaka inavyokwenda, na majimaji yake hutambaa hadi kwenye chipu za sauti zilizo jirani, yakila shaba polepole. Bodi ya kwanza niliyoipata haikutoa sauti hata kidogo. Nilibadilisha kapasita, sauti haikurudi, nikahukumu kwamba chipu imekufa. Nikaipuliza kwa bloa, kifaa cha kupuliza hewa ya moto, na lehemu, madini yanayoyeyushwa kushikiza miguu ya chipu kwenye bodi, ilipochelewa kuyeyuka nikaivuta chipu kwa kibano. Ilitoka pamoja na viraka viwili vya shaba ambavyo miguu yake ilikuwa imekalia. Nikatafuta chipu nyingine, nikaviziba viraka hivyo kwa nyaya nyembamba kama unywele, nikawasha, na kimya kikawa kilekile. Ndipo nilipochukua multimita, kipimo cha umeme ambacho ningepaswa kukishika tangu mwanzo, nikagundua kwamba njia moja ya shaba ilikuwa imeliwa na kukatika chini ya rangi ya bodi, kando ya kapasita. Ile chipu niliyoing'oa niliiweka baadaye kwenye bodi nyingine, ikatoa sauti safi.

Atatokea mtu aseme kwamba yeye hung'oa chipu za simu kila siku kwa bloa bila tatizo. Ninauheshimu mkono huo. Lakini bodi yake haijalowa majimaji ya kapasita kwa zaidi ya miaka 30. Lehemu ya mwaka 1989 ni bati lililochanganywa na risasi, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi za Selsiasi, ilhali lehemu ya leo isiyo na risasi huhitaji takriban 217; kwa hesabu hiyo bodi ya kale ingepaswa kuwa rahisi zaidi. Hata hivyo, lehemu iliyoliwa huvaa utando unaozuia joto kupenya, na fundi anapozidi kuongeza joto, gundi inayoshika shaba ndiyo huachia kwanza. Kwa hiyo osha bodi, paka fluksi, dawa ya kusafisha chuma ili lehemu ishike, kisha ongeza lehemu mpya kwenye kila mguu mpaka ya zamani ichanganyike nayo na kung'aa. Hapo chipu itanyanyuka yenyewe, bila kuvutwa.

Na ikithibitika kweli kwamba imekufa, ya nini kuitoa nzima? Ikate miguu mmoja mmoja kwa koleo kali, karibu na mwili wake, halafu uondoe kila kipande kwa ncha ya chuma cha kulehemu. Kiraka kisichofika milimita moja kwa upana hakiwezi kustahimili zaidi ya hapo.

Kuhusu kuweka chipu mpya nitasema kwa ufupi, maana muda umekwisha: tazama alama ya mguu wa kwanza, shikiza pembe mbili zinazokabiliana kabla ya kulehemu mingine, safisha kwa spiriti, na upime kwa multimita kama njia haijakatika kutoka kila mguu hadi kifaa unachounganishwa nacho kabla ya kuwasha umeme.