Wenye Mizigo Ndio Walioanza

Wanangu mnaosomea ubaharia, kila muhula mnaniuliza: hizi meli zinazojiendesha zinaletwa ili tusilipwe mishahara? Leo tupige hesabu pamoja.

Ichukueni Ever Given, iliyokwama Suez Machi 2021. Urefu mita 400, nafasi ya makontena zaidi ya 20,000, mabaharia 25. Gawanyeni. Baharia mmoja kwa makontena 800! Mshahara wake ukiusambaza juu ya mzigo wote ule hauonekani. Mafuta ndiyo yanayommaliza mwenye meli. Na injini ikizimika katikati ya bahari kuu, nani atashika spana? Meli kubwa hazina haraka ya kuwaacha watu.

Sasa twende Norway. Kampuni ya mbolea ya Yara ina kiwanda Porsgrunn. Mbolea ilikuwa inakwenda bandarini kwa malori ya dizeli, safari kama 40,000 kwa mwaka, ikipita kwenye makazi ya watu. Wakaagiza Yara Birkeland, meli iliyoundwa ije ijiendeshe yenyewe: mita 80, makontena 120, inatembea kwa betri. Ilianza kazi 2022, kutoka kiwandani hadi bandari ya Brevik, maili 7 hivi za baharini. Ipeni mabaharia watano: kila mmoja anaangukiwa na makontena 24. Hapo mshahara unauma, na lori linashinda. Meli fupi namna hiyo haiwezi kushindana na lori mpaka ipunguze watu.

Angalieni aliyeagiza. Ni mtengeneza mbolea! Na ASKO, wanaovusha matrela kati ya Moss na Horten kwa meli mbili za umeme, ni wauza vyakula kwa jumla. Hawa mzigo ni wao, njia ni ileile kila siku, na mbali ya gharama wanataka kuondoa malori barabarani. Kampuni ya meli inayokodishwa leo huku kesho kule haina raha hiyo.

Japani ni habari nyingine. Takriban nusu ya mabaharia wa meli za mwambao wamepita miaka 50, na vijana hawaji. Kule meli zinazojiendesha zinatafutwa zijaze nafasi za watu wasiopatikana.

Nami jambo moja nalishikilia kwa moyo wote: Yara Birkeland ilianza kazi ikiwa na mabaharia ndani, na meli za aina hii zinaangaliwa kutoka kituo cha nchi kavu, Horten. Wanaoketi mbele ya skrini pale wamesomea unahodha, kama mnavyosoma ninyi.