Kamera ya Usiku na Saa Isiyokosea: Kufuatilia Setilaiti Ukiwa Nyumbani

REHEMA: Karibuni wasikilizaji. Leo tunawazungumzia watu ambao, bila kuajiriwa na shirika lolote la anga, hukesha nyumbani kwao wakipima njia za setilaiti, zikiwemo zile ambazo wenyewe wasingependa zijulikane ziliko. Mwalimu Idrisa, shikamoo.

IDRISA: Marahaba, Rehema. Nianzie mjini Leiden, Uholanzi, usiku wa kuamkia 25 Mei 2019. Siku moja kabla, kampuni ya SpaceX ilikuwa imerusha setilaiti 60 za kwanza za Starlink, mtandao wake wa intaneti, kwa mkupuo mmoja. Marco Langbroek, mtu aliyesomea akiolojia, alikadiria mwenyewe njia ambayo zingepita, akaielekeza kamera yake huko, na ilipofika saa 6:55 usiku kwa saa za kwao, msururu mrefu wa nukta za mwanga ukakatiza mbele ya lenzi. Video ile ilienea dunia nzima.

REHEMA: Mimi niliiona, na nilidhani imerekodiwa kwa darubini kubwa.

IDRISA: Wengi walidhani hivyo. Ilikuwa kamera ndogo aina ya WATEC, inayotengenezwa Japani, ya jamii ya kamera za ulinzi zisizo na rangi, iliyofungwa lenzi ya zamani ya Canon ya milimita 50. Sifa yake ni kwamba huhitaji mwanga kidogo mno: kila fremu, yaani kila picha moja kati ya zinazounda video, hupata muda usiozidi sehemu ya 25 ya sekunde, na bado nyota ambazo jicho haliwezi kuziona zinajitokeza.

REHEMA: Lakini video nzuri ni jambo moja, na kujua njia ya setilaiti ni jambo jingine. Vipimo vinapatikanaje?

IDRISA: Hapo ndipo penye uzito wote, na kwa maoni yangu watu huisifu kamera kupita kiasi ilhali kazi kubwa inafanywa na saa. Kati ya kamera na kinasa video huwekwa kisanduku kinachopokea saa kutoka setilaiti za GPS, na kisanduku hicho huandika chini ya kila fremu saa, dakika, sekunde na sehemu za sekunde. Ukiisimamisha video, unaona nyota zimetulia, nukta moja imesogea kidogo kutoka ilipokuwa kwenye fremu iliyotangulia, na chini yake tarakimu zinaonyesha wakati wenyewe. Kisha programu ya kompyuta huzitambua zile nyota kwa kuzilinganisha na orodha ya nyota ambazo mahali pake panajulikana, na kutokana nazo hukokotoa mahali ilipokuwa setilaiti angani wakati huo.

REHEMA: Na saa ikikosea?

IDRISA: Setilaiti iliyo karibu na dunia husafiri takriban kilomita 7.5 kwa sekunde, kwa hiyo ukikosea sekunde moja umeiweka kilomita saba na nusu mbali na ilipokuwa, hata kama nyota zako umezipima kwa ustadi wa hali ya juu. Kati ya fremu moja na inayofuata husogea mita 300 hivi. Lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ile huona kipande cha anga cha digrii 7 tu, na setilaiti inayopita utosini kwa kimo cha kilomita 400 hukivuka kwa muda wa sekunde saba hivi. Ndiyo maana picha ya kawaida, ambayo setilaiti huacha mstari, ni ngumu zaidi kuipima, kwa kuwa lazima ujue kwa hakika lenzi ilifunguka na kufungwa lini.

REHEMA: Sasa nikuulize kwa niaba ya wenye shaka. Jeshi la Marekani huchapisha njia za setilaiti nyingi, ila za kijasusi huziacha. Kuzitangaza si kuvujisha siri?

IDRISA: Siioni siri hapo, kwa sababu kitu kinachong'aa juu ya vichwa vya watu hakifichiki, na nchi zenye rada hazisubiri mtu mwenye kamera barazani kwake. X-37B, chombo cha anga cha siri cha jeshi la Marekani, kiliporushwa Aprili 2010, waangalizi wa Kanada na Afrika Kusini walikuwa wameshakipata mwezi uliofuata. Na mnamo Agosti 2019 Rais Trump alipochapisha picha ya kituo cha kurushia roketi nchini Iran, waangalizi wa aina hii walipima vivuli na pembe za picha, wakavilinganisha na njia walizokuwa nazo tayari, wakabaini kwamba ilipigwa na setilaiti ya kijasusi iitwayo USA 224.

REHEMA: Na sisi wa huku pwani ya Afrika Mashariki tuna nafasi gani?

IDRISA: Nzuri na mbaya. Setilaiti huonekana wakati sisi tumeshaingia gizani nayo bado inamulikwa na jua. Leiden, katika majira ya kiangazi, jua halizami mbali chini ya upeo, hivyo setilaiti ya kimo cha kilomita 500 humulikwa usiku kucha. Kwetu jua huzama wima, na baada ya saa moja na nusu hivi tangu magharibi, setilaiti ya kimo hicho ikipita utosini huwa imo kivulini mwa dunia.

REHEMA: Na hiyo nzuri?

IDRISA: Setilaiti za kimo cha chini zinazozunguka karibu na ikweta, mtu wa Leiden hazioni kamwe. Setilaiti iitwayo Uhuru, ile iliyorushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, ilizunguka kwa mwinamo wa digrii 3 tu kutoka ikweta. Huko Uholanzi haikuwahi kuchomoza, ilhali Malindi ilipita kila baada ya saa moja na dakika arobaini hivi.

REHEMA: Kwa hiyo anayetaka kuanza akiwa Malindi au Tanga afanyeje?

IDRISA: Aanze na kitu kinachojulikana, kama kituo cha kimataifa cha anga, apime, kisha alinganishe matokeo yake na njia iliyochapishwa. Tofauti ikiwa kubwa, kabla hajailaumu lenzi, akague saa.