Waonyeshe mtu aliyekwama: kuchangia urahisi wa matumizi kwenye programu huria

Mbukwenyi jamani! Asanteni kwa kuja, najua jua la Dodoma saa nane mchana halimuonei mtu huruma na wengi mmetoka darasani moja kwa moja, kwahiyo naingia kwenye mada. Kuandika kodi, yale maelekezo ya kompyuta, mnafundishwa kila siku, hilo siligusi. Nataka tuongelee mchango wa aina nyingine kwenye programu huria, zile ambazo kodi yake iko wazi na yeyote anaweza kuichangia, nao ni urahisi wa kutumia. Yaani wewe kwenye ule mradi hakuna anayekujua, upo zako geto Ng'ong'ona na bando la wiki, umeona kabisa watu wanateseka na ile skrini na unataka wenye mradi wakusikilize mpaka wabadilishe. Inawezekana kabisa, ila wengi wanagonga mwamba, na sababu zake zinajulikana.

Kwanza tuelewe hawa watu wametoka wapi. Miradi mingi ya programu huria ilianza na mtu anajitengenezea kitu chake mwenyewe. Linus Torvalds alipotangaza Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi Helsinki, anaandika kwa ajili ya kompyuta yake, na waliomjibu walikuwa watu wa aina yake. Mtumiaji ndo huyohuyo developa, sasa nani atashindwa kuelewa skrini? Ule utamaduni bado upo, heshima unaipata kwa kodi uliyoandika, na mtu wa skrini anaonekana kama mpita njia tu. Mwaka 2003 watafiti David Nichols na Michael Twidale waliliandika vizuri sana hili, kwamba hitilafu ya kawaida unaieleza kwa mistari miwili, bonyeza hapa programu inazima, mwenzako anajaribu naye anaiona, lakini mtu kushindwa kuelewa skrini ni kazi kweli kuielezea kwa maandishi, alafu kuikata vipande vipande watu wagawane ni ngumu zaidi.

Sasa mweke mtunzaji wa mradi mbele ya macho yako. Wengi wanajitolea, mchana ana ajira yake, usiku ndo anafungua tiketi, yaani taarifa za matatizo, zilizomrundikia, anakuta ya kwako imeandikwa "skrini hii inawachanganya watumiaji". Watumiaji gani? Yeye haimchanganyi. Anaiacha ilale, na mimi siwezi kumlaumu, maana ulichompa ni maoni yako dhidi ya maoni yake na nyumba ni yake.

Kwahiyo mpelekee mtu aliyekwama. Chukulia ODK Collect, programu huria ya Android ya kukusanya takwimu, wengi wenu mtakutana nayo field. Ikiwa imewekwa itumie kidole tu, ili utoke swali moja uende lingine unatelezesha kidole. Wewe hata hufikirii. Sasa mpe simu mama mmoja pale Chamwino ambaye kachaguliwa kuwa mdadisi wa kaya na maisha yake yote ametumia simu ya batani. Anajibu swali la kwanza alafu anasubiri. Simu nayo inamsubiri. Anabonyeza jibu lilelile tena kwa nguvu kidogo, anakuangalia usoni, anauliza "imekubali?" Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuweka vitufe vya mbele na nyuma, ipo kabisa, lakini yeye atajuaje kama ipo? Hapo ndipo mchango wako ulipo jamani, kwenye zile sekunde anazosubiri. Umwombe ruhusa kwanza, kwa lugha anayoielewa, kama ni Kigogo basi tafuta anayekiongea, alafu rekodi skrini na sauti, na usimsaidie! Najua inauma kukaa kimya, mtu mzima anahangaika mbele yako, ila ukimwonyesha tu umeshapoteza ushahidi.

Na huhitaji watu mia. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, amelisisitiza miaka mingi, watumiaji watano wanatosha kuibua sehemu kubwa ya matatizo. Watano unawapata soko la Majengo kabla ya saa nne asubuhi. Ukija kwenye tiketi andika toleo la programu, simu gani, alipewa kazi gani, alikwama wapi, alisema nini kwa maneno yake, weka na kipande kifupi cha video kama alikubali kionekane. Suluhisho lako liweke mwisho, kama pendekezo, maana mara nyingi wenye mradi wanajua njia nyepesi kuliko ya kwako.

Alafu ukae. Hapa ndo wengi tunapotea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oulu kule Finland wamefuatilia timu za urahisi wa matumizi zilizojaribu kuingia kwenye miradi huria, na zile zilizokaa nje kama washauri, zikaandika ripoti nzuri na kuituma, hazikubadilisha kitu cha maana, zilizofika mbali ni zile zilizojiunga na mradi zikafanya kazi ndani yake. Ripoti ya kurasa arobaini hakuna anayeisoma usiku wa manane! Leta kitu kimoja kidogo, kikubaliwe, leta kingine, wakuzoee jina. Kama una rafiki anayejua kodi mshike mkono mwende wote, wewe na ushahidi yeye na kodi. Angalia GIMP, programu huria ya kuhariri picha, watu walilalamika miaka na miaka kuhusu madirisha yake yaliyotawanyika, na dirisha moja lilikuja toleo la 2.8, mwaka 2012, malalamiko peke yake yasingeandika ile kodi, ilibidi watu wakae ndani waiandike.

Na waheshimu waliozoea. Blender, programu huria ya kutengeneza picha za 3D, kwa miaka mingi ulikuwa unachagua kitu kwa kitufe cha kulia cha mausi, mgeni anachanganyikiwa dakika ya kwanza tu. Toleo la 2.80, mwaka 2019, likahamia kushoto, lakini kulia kukaachwa kwenye mipangilio kwa mwenye mkono uliozoea. Ukileta pendekezo lako taja na hao, usisubiri waje kukupinga.

La mwisho ni dogo ila limeangusha michango mizuri sana. Ukibadilisha neno moja tu kwenye kitufe, tafsiri za lugha zote za lile neno zinakuwa zimepitwa, Kiswahili chetu kikiwemo, na picha za kwenye mwongozo zinapitwa pia. Ndo maana miradi kama GNOME, ile skrini ya kazi ya Linux, ina kipindi kabla ya toleo ambacho maneno ya kwenye skrini hayaguswi. Ukituma wakati huo utaambiwa subiri na utadhani wamekukataa. Fungua kalenda ya matoleo yao kwanza, tuma mapema baada ya toleo kutoka, na watafsiri uwataarifu wewe mwenyewe.

Haya, maswali. Naona dada wa kule nyuma ameshanyoosha mkono, karibu.