Mechi ya nyuzi 3: besiboli ya chuo kwenye baridi ya Minnesota

NEEMA: Haya jamani karibuni tena, mi Neema niko hapa Dar, saa kumi na mbili asubuhi ya Jumapili, majogoo ya jirani ndo hayo mnayasikia, na kaka yangu Rama yuko Minneapolis, jimbo la Minnesota huko Marekani, kwake bado Jumamosi saa nne usiku. Kaka Rama shikamoo. Mbona sauti imekauka hivyo?

RAMA: Marahaba dada Neema. Sauti ni baridi hiyo, na kupiga kelele pia. Nimerudi toka saa kumi na mbili jioni na mpaka sa hivi nikikunja vidole nahisi kama nimeviazima. Leo nilikuwa Siebert Field, uwanja wa besiboli wa Chuo Kikuu cha Minnesota, timu ya chuo, wale Gophers, wanacheza nyumbani, simu inasema nyuzi 3, ila upepo ulivyokuwa unakuja kwa pembeni hiyo 3 we isahau kabisa.

NEEMA: Nyuzi 3 na umekaa nje masaa matatu?

RAMA: Matatu na nusu. Ngoja nikuambie kwanini naenda, maana hata kazini wananiuliza, si usubiri Mei kukiwa na jua. Msimu wa besiboli ya vyuo Marekani unaanza katikati ya Februari, nchi nzima tarehe moja. Sasa Februari huku uwanja uko chini ya theluji, hamna mechi hapo. Kwahiyo hawa vijana wiki za mwanzo zote wako njiani, wanapanda ndege kwenda kusini kwenye joto, wanacheza ijumaa jumamosi jumapili ugenini, jumapili usiku wanarudi, jumatatu darasani, wiki ijayo tena. Na ni wanafunzi kweli, wana mitihani. Zamani walikuwa na Metrodome, uwanja mkubwa wa ndani wenye paa, likabomolewa 2014, na lile lililojengwa palepale, U.S. Bank Stadium, nalo wamewahi kulitumia mechi za mwanzo wa msimu. Ila nyumbani ni Siebert. Sa mtu amezunguka ugenini wiki zote hizo, anarudi kwake, alafu akute benchi tupu kisa baridi? Sisi si unajua dada, mtu akitoka safari hata basi likiingia stendi saa nane usiku lazima mtu aende kumpokea. Mi nilienda kuwapokea.

NEEMA: Hapo nimekuelewa kabisa. Umevaa nini sasa?

RAMA: Fulana ile ya kubana ya joto, shati zito, sweta, koti la baridi, suruali mbili, soksi mbili za sufu, kofia ya kuziba masikio, na chupa ya chai ya tangawizi nimeifunga na taulo ndani ya begi. Nikapanda treni ile Green Line nikashuka Stadium Village nikatembea kidogo. Kwenye kona za maegesho theluji ya zamani bado imerundikwa, ile imeshakuwa nyeusi ya vumbi, afu unaingia uwanjani unakutana na kijani imekolea, maana ni nyasi bandia, uwanja huu mpya ulifunguliwa 2013. Macho yanafurahi sana dada, miezi mitano umeona nyeupe na kijivu tu.

NEEMA: Watu walikuwepo?

RAMA: Wachache. Wazazi wa wachezaji ndo wengi, wamejifunika mablanketi ya rangi ya damu ya mzee na dhahabu, rangi za chuo, unaona macho tu. Wanafunzi kidogo. Na mzee mmoja, miaka sabini na kitu namkadiria, kakaa peke yake ana kitabu cha kuandikia mechi na penseli. Nikakaa hatua mbili kutoka kwake, benchi la chuma, na lile benchi linakunyonya joto kwa chini, koti halisaidii kitu. Baada ya dakika kumi mzee hajasema neno, kachomoa kipande cha boksi chini ya mguu wake kanipa, kaonyesha kwa mkono, kalia. Kisha kachomoa kingine, kidogo, weka miguu hapa, usikanyage zege. Dada, mambo yalibadilika palepale. Boksi tu la kawaida!

NEEMA: Boksi! Hata huku mama ntilie wanakalia boksi, ila kwa sababu ya vumbi haha. Hebu twambie mechi, na wasiojua besiboli uwafafanulie kidogo.

RAMA: Kifupi. Mrushaji anasimama kwenye kichuguu, mita 18 na ushee kutoka kwa mpigaji, anarusha, yule wa upande wa pili ana rungu anapiga. Akipiga vizuri anakimbia besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akirudi alipoanzia ni pointi. Wapigaji watatu wakitolewa, mfano mpira ukidakwa kabla haujagusa chini, mnabadilishana, kila timu ikishapata zamu yake hiyo ni iningi moja, mechi ina iningi 9. Hamna dakika 90. Hilo la kutokuwa na dakika ntalirudia.

Sasa baridi. Mi nilikuwa nadhani baridi ni shida ya sisi mashabiki tu, kumbe inaingia mpaka ndani ya mchezo wenyewe. Rungu la vyuo ni la chuma, alumini na vitu vya namna hiyo, sio mti kama ligi kuu. Ukipiga mpira pale penye tumbo la rungu sawa, lakini ukipiga karibu na mikono au kwenye ncha, siku ya baridi ule mtetemo unapanda mikononi kama umepigwa shoti. Kuna mpigaji mmoja kapiga hivyo iningi ya pili, kaliachia rungu kabisa, kasimama anakung'uta mikono, mama yake nadhani ndo alikuwa nyuma yangu nikamsikia anavuta pumzi. Na hewa ya baridi ni nzito, mpira hauendi mbali. Iningi ya nne kijana wetu kaupiga, tiiing, ile sauti ya alumini, sote tumesimama mikono juu, umepanda, umepanda, afu ni kama umegonga ukuta usioonekana, ukashuka taratibu kwenye glavu ya jamaa amesimama mgongo kwenye uzio. Mzee akasema Juni huo ungeenda.

NEEMA: Na mrushaji je? Maana yeye vidole ndo kazi yake.

RAMA: Hapo ndo nilikuwa nataka kufika! Kuna mpira ulitoka nje ya mstari, ukaruka juu ya wavu wa nyuma ukadunda kwenye zege ukaja kulala karibu na buti langu. Nikauokota, nikavua glavu nikauweka kiganjani. Dada Neema, mgumu kama jiwe la mtoni, na wa baridi kiasi kwamba ngozi inakataa. Ngozi nyeupe, uzi mwekundu, mishono 108 ya uzi mara mbili unazunguka. Ule uzi ndo mrushaji anaushika, kidole cha shahada na cha kati vinakaa juu ya mshono, ndo vinaupa mzunguko, ndo unafanya mpira uliokuwa unakuja usawa wa kifua uzame chini magotini. Sasa kama husikii uzi kwenye ncha ya kidole unarusha nini? Unarusha tu. Nikamtazama yule mrushaji wetu upya kabisa. Kila baada ya kurusha anashuka kichuguu, anapuliza mkono, huuu, mvuke unatoka, anaufuta kwenye paja, anapanda. Kwa kawaida mrushaji haruhusiwi kupeleka mkono mdomoni akiwa pale, wasije wakapaka mate, ila siku ya baridi mwamuzi anaweza kuruhusu wapulize. Nikaanza kuhesabu, anapuliza mara moja kabla ya mpira wa kasi, ule wa kuzama anapuliza mara mbili.

NEEMA: Wee! Si wapigaji wangemjua?

RAMA: Nikamnong'oneza mzee, akacheka akasema naye ameona. Wageni sijui kama waliona, maana hadi iningi ya tano hawakuwa na pointi.

NEEMA: Mdogo wangu alisoma Azania pale Upanga, besiboli ipo pale, Wajapani ndo wamesaidia sana mchezo huo Tanzania. Nilikuwa naenda kuwaangalia, jua la Dar la saa nane, shida yao ni jasho, mpira unateleza, wanachota vumbi chini wanajipaka kiganjani. Nasikiliza hapa naona ni shida ileile tu imegeuzwa, mkono na uzi.

RAMA: Umesema kweli kabisa. Na Uganda wao wamefika mbali zaidi, watoto wa Lugazi 2012 walikuja huku huku Marekani kwenye mashindano ya dunia ya watoto, Little League, timu ya kwanza ya Afrika kufika. Nilimwambia mzee hilo, akaandika pembeni ya kitabu chake, Lugazi, kaniuliza herufi moja moja.

NEEMA: Ila kaka niulize, kwanini wasianze msimu Aprili? Mbona mnajitesa?

RAMA: Swali zuri, na makocha wa kaskazini wamelalamikia hilo miaka na miaka. Masomo yanaisha Mei, na fainali za vyuo ni Juni kule Omaha, Nebraska, ziko Omaha toka 1950. Vyuo vya kusini vimezoea tarehe hizi, kwao Februari unavaa shati. Matokeo yake wa huku wanachukua kombe kwa nadra sana. Minnesota wana makombe matatu, 1956, 1960 na 1964, yote chini ya kocha Dick Siebert, ndo uwanja umepewa jina lake. Ohio State wakachukua 1966, baada ya hapo vyuo vya ukanda huu wa baridi wakakaa kimya mno, Michigan walifika fainali 2019 wakafungwa na Vanderbilt. Mi naona si haki, nasema wazi. Kijana wa Florida anafanyia mazoezi nje Januari, wa huku yuko ndani ya ghala anapiga mpira kwenye wavu, alafu mnapimwa kwa rula moja.

NEEMA: Ukasema utarudi kwenye mambo ya dakika.

RAMA: Eeh. Iningi ya sita mambo yakaharibika. Mrushaji wetu kachoka, kapuliza mkono wee, mpira haukai. Kampa mtu besi ya bure, yaani karusha mipira minne nje ya shabaha, mpigaji anatembea tu besi ya kwanza, kampa wa pili, wa tatu kapiga katikati, pointi mbili kwa wageni. Watu wakaanza kuondoka, na siwalaumu, jua lilikuwa limeshapotea. Hata mi miguu nilikuwa siisikii, nikamuuliza mzee tunakaa? Akanisimulia mechi ya 1973.

NEEMA: Enhe.

RAMA: Dave Winfield, mtoto wa St. Paul hapa hapa ng'ambo ya mto, alikuwa Minnesota, anarusha na anapiga. Omaha, nusu fainali, wanacheza na USC, chuo cha California. Winfield anarusha, kawatoa watu 15 kwa straiki, yaani straiki tatu kwa kila mmoja bila kuupiga mpira, iningi ya tisa inaanza Minnesota wana 7, USC hawana kitu. Saba bila! Na wakapoteza 8 kwa 7. Pointi nane ndani ya iningi moja. Ingekuwa mpira wetu wa miguu umeshapoteza muda kwenye kona, umeshajilaza, kwisha. Besiboli huwezi, lazima umrushie mtu mpira mpaka watoke watatu. Winfield bado alipewa uchezaji bora wa mashindano yale, na mwaka huohuo timu za besiboli, kikapu na futiboli ya Kimarekani zote zilimchagua, akaenda besiboli. Lakini mzee anavyoisimulia ile nusu fainali, miaka zaidi ya hamsini imepita, penseli imesimama hewani. Akasema toka siku ile haondoki mapema.

NEEMA: Mkakaa.

RAMA: Tukakaa. Nikafungua chai nikammiminia kwenye kifuniko, akashika kwa mikono miwili hakunywa kwanza, anapasha vidole. Iningi ya nane sisi tuna moja wao mbili, watu wetu wako besi ya kwanza na ya pili, anakuja kijana mdogo mwembamba, hakupiga kwa nguvu. Kaliweka rungu kama anaukinga mpira tu, ukafa mbele yake, ukabingirika polepole. Mrushaji wao kaukimbilia, kauokota, na mi nilikuwa naangalia vidole peke yake dada, viliushika vibaya, haukukaa, akaurusha hivyohivyo ukapita juu ya mtu wa besi ya kwanza ukaenda mpaka kwenye uzio. Wa kwanza karudi nyumbani, wa pili yuleee naye anakuja, kateleza kwa tumbo, salama! Tatu kwa mbili. Wale wazazi mablanketi yote chini. Nilimwonea huruma yule mrushaji wa wageni, alisimama katazama kiganja chake. Hakuzembea, mkono wenyewe ulikuwa hauna hisia.

NEEMA: Ikaisha hivyo?

RAMA: Ikaisha hivyo, iningi ya tisa wageni wametoka watatu haraka. Wachezaji wakapita kwenye uzio wanawagusa mikono watu tuliobaki. Yule aliyerusha mwanzo nikamshika mkono, mwekundu, umepasuka pasuka kwenye kidole cha kati pale unapokaa uzi. Ananiambia asante kwa kukaa. Ye ananiambia mimi!

NEEMA: Mzee mliagana vipi?

RAMA: Alimaliza kuandika kwanza, kajumlisha safu zote, kafunga kitabu. Nikamrudishia maboksi yake. Kasema kesho.

NEEMA: Kesho ipo?

RAMA: Ipo, saa saba mchana, ya tatu ya wikiendi hii, wanasema nyuzi 1 na theluji nyepesi. Nilivyofika nyumbani kabla hata sijavua koti nimetafuta boksi la ile mikrowevu tuliyonunua, nimekata vipande vinne. Viwili vyangu, viwili vya atakayekaa pembeni yangu.